KIJANA WA NZEGA NA MASOMO YA NG'AMBO

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yatangazwapo, nyumba nyingi za Waislamu katika wilaya ya Nzega huingia katika shauri zito. Kijana amefaulu, barua imekuja kutoka chuo cha Uturuki, au Misri, au India, au Uganda. Baba ahesabu ng'ombe zizini. Mama ahesabu miaka atakayokaa bila ya kumwona mwanawe. Tumeona vema mwezi huu kuizungumza habari hii pamoja na wasomaji wetu, kwani ni jambo lenye heri kubwa, na lenye hasara kubwa pia likiendewa pasipo shauri.

Safari ndefu si kitu kigeni katika Unyamwezi. Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya pembe za ndovu ilipokuwa ikishuka kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliokuwa uti wa mgongo wa biashara ile. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado hajawa mwanamume kamili. Alibeba mzigo wa ratili sitini au sabini begani, akatembea miezi miwili mitatu, akaona bahari, akajifunza Kiswahili, na baadhi wakarudi na Uislamu. Lakini yafaa tuangalie namna walivyoipanga safari yao. Wengi waliondoka mavuno yakiisha, wakajitahidi kuwahi nyumbani kabla ya mvua ya kulimia. Walipokuwa wakiondoka walikwisha kujua watarudi na nini: nguo, shanga, na mtaji wa kununulia ng'ombe au majembe. Mzigo wa kurudi ulikuwa umekwisha kufikiriwa kabla ya mzigo wa kwenda kufungwa.

Jambo hilo ndilo tutakalo kuwakumbusha wazazi wa leo.

DINI YASEMAJE

Watu wengi, wakitaka kumhimiza kijana kusafiri kwa ajili ya elimu, hutaja usemi unaohusu nchi ya Uchina. Wanavyuoni wa hadithi wameudhoofisha usemi huo, na hatuna haja ya kuutegemea, maana tunayo hoja yenye nguvu zaidi. Katika Sura ya Tawba, Aya ya 122, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa yafaa katika kila jamii litoke kundi likajifunze dini, kisha liwaonye watu wake litakaporejea kwao. Aya yenyewe yahusu elimu ya dini. Lakini mwenye kuizingatia ataona kuwa kutoka na kurejea vimetajwa pamoja. Anayetoka ametoka kwa niaba ya waliobaki.

Wazee wetu waliifahamu maana hiyo. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860, alisafiri kutafuta elimu Makka na Hadhramaut. Kisha akakaa Unguja akifundisha, na chuo chake cha Ukutani kikatoa masheikh waliotapakaa Afrika ya Mashariki yote. Alifariki mwaka 1925, na matunda ya safari zake yangali yakiliwa.

Karibu nasi zaidi ni Mtemi Abdallah Said Fundikira, aliyezaliwa Tabora mwaka 1921. Siku zile Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, kikaanza na kitivo cha sheria. Kijana wa Kitanganyika aliyetaka elimu ya juu ilimlazimu kutoka nje ya nchi, na wengi walikwenda Makerere, Uganda. Fundikira alisoma huko, akarudi na elimu ya kilimo, akafanya kazi katika nchi yake. Mwaka 1957 akatawazwa kuwa Mtemi wa Unyanyembe, na Tanganyika ilipopata uhuru alikuwa miongoni mwa mawaziri wa kwanza. Alifariki mwaka 2007.

KABLA YA KUONDOKA

Siku hizi milango ni mingi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwalipia wageni waliochaguliwa nauli, malazi na posho. Al-Azhar ya Cairo, ambayo kwa karne nyingi ilijulikana kwa elimu ya dini, iliongezewa kwa sheria ya mwaka huo huo wa 1961 vitivo vya udaktari, uhandisi na kilimo, pamoja na chuo cha wanawake. Serikali ya Uturuki na ya China hutoa ufadhili. Na kwa wasiopenda kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, nacho kina tawi la wanawake peke yao huko Kabojja, karibu na Kampala. Jambo hilo laweza kumtuliza baba mwenye kumhofia binti yake.

Wingi wa milango ndio unaotaka hadhari. Kwanza, mzazi aende mwenyewe, au amtume mtu amwaminiye, akaulize Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama chuo kile chatambuliwa. Tume hiyo ndiyo itoayo barua ya kutokuwa na pingamizi kwa waendao nje, na ndiyo itakayoithibitisha shahada kijana arudipo. Dalali akileta picha za majengo mazuri na kudai fedha upesi, picha hizo si ushahidi. Pili, hesabu ya fedha ifanywe kwa miaka yote ya masomo, isifanywe kwa mwaka mmoja. Ada ya mwaka wa kwanza yaweza kulipwa kwa kuuza ng'ombe. Je, wa pili, wa tatu na wa nne? Ng'ombe wa zizi moja ni riziki ya nyumba nzima, na wadogo wa kijana yule nao wana haki ya kusoma. Tatu, aliyebanwa asikimbilie mkopo wa riba kabla ya kutafuta ufadhili, au kukaa na jamaa wakachangiana, au kukubali chuo cha hapa nchini, ambacho si aibu hata kidogo.

MAISHA YA CHUONI

Mgeni wa kwanza atakayempokea kijana huko ni lugha. Aendaye Uturuki kwa ufadhili wa serikali yake, kwa kawaida hufundishwa Kituruki mwaka mzima kabla ya somo lake. Na aendaye Misri, hata kama alihitimu madrasa, atastaajabu kuwa Kiarabu cha sokoni si kile cha vitabuni. Mwaka huo wazazi wasiuone kuwa umepotea.

Kisha huja baridi, na chakula kisicho ugali, na upweke wa Sikukuu ya Idi bila ya jamaa. Katika nchi nyingine ratiba ya masomo haiijui swala ya Ijumaa. Tumewahi kuzungumza na vijana kadhaa waliorudi, nao wakatuambia neno moja: yule aliyetafuta msikiti na Watanzania wenzake katika juma la kwanza alisalimika, yule aliyejifungia chumbani na simu yake alidhoofika, kwanza katika swala, kisha katika masomo. Wazazi nao wasiwe watu wa kuuliza alama za mitihani tu. Wamwulize amelala vipi, amekula nini, na ana marafiki gani.

Tena yako mambo ambayo hakuna awezaye kuyazuia. Mwezi wa Aprili, 2023, vita vilipozuka Khartoum, Watanzania wapatao mia mbili, wengi wao wakiwa wanafunzi, walirudishwa nyumbani kupitia Ethiopia, masomo yakiwa nusu. Kijana aondokapo awe na nakala za vyeti na matokeo yake yote, na nyingine ziwe nyumbani. Awe pia amejiandikisha katika ubalozi wetu.

KAZI BAADA YA MASOMO

Hapa ndipo penye fundo. Vijana wengi huchagua somo kwa jina lake, wasijue kazi yake. Daktari aliyesoma nje hawezi kutibu kwa shahada peke yake. Yampasa afanye mazoezi ya hospitali ya mwaka mzima na kusajiliwa na Baraza la Madaktari. Mhandisi naye ana bodi yake ya usajili. Haya yaulizwe kabla ya kupanda ndege.

Na itazamwe nchi yenyewe ina haja gani. Nzega ni njia panda: barabara ya Singida, ya Tabora na ya Isaka hukutana hapa, na malori ya Rwanda hupita usiku na mchana. Ni nchi ya mpunga na mifugo. Ina dhahabu; mgodi mkubwa wa Golden Pride ulichimbwa hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hata ukafungwa, na wachimbaji wadogo wangali wakiendelea. Maji ya Ziwa Victoria yameletwa kwa mabomba mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Nchi kama hiyo yataka mganga wa mifugo, mtaalamu wa maji, mjuzi wa madini asiyewaacha watu wavute sumu ya zebaki. Kijana aliyesomea mambo hayo ana mahali pa kurudi.

Je, akipata kazi huko huko? Hatusemi kuwa ni haramu kukaa ugenini. Wako waliokaa wakasomesha ukoo mzima na kujenga misikiti na visima. Tunalolisema ni kuwa jambo hilo lizungumzwe kabla ya safari, mbele ya baba na mama, ili ahadi ijulikane. Ahadi ni deni. Kijana akikaa, na atume haki ya wazazi na ya wadogo zake. Akirudi, asidharau kuanza na kazi ndogo.

Twawasihi wazazi wenye barua ya chuo mkononi wakae na kijana wao usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, waandike karatasini mambo matatu: gharama za miaka yote, kazi atakayoifanya, na haki atakayowatimizia waliobaki. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vyake.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awalinde safarini, na awarejeshe kwa wazazi wao wakiwa na imani na afya njema. Amin.