Kongwa Mbili za Shambani: Jinsi ya Kuzitambua



Kila mara mvua za masika zinapokolea, nasi tukashika majembe kwenda kupalilia mahindi, tunakutana na majani ya kutambaa yenye maua madogo ya buluu. Kwa Kiswahili huitwa kongwa, na Wakikuyu huyaita mukengeria. Watu wengi hudhani ni mmea mmoja. Sivyo. Ni mimea miwili ya ukoo mmoja, na tabia zake ni mbali mbali. Asiyeweza kuitambua huenda akapalilia shamba lile lile mara tatu na kuchoka bure.

Wataalamu huuita mmoja Commelina benghalensis, na wa pili Commelina diffusa. Mimi nitaziita kongwa ya majani mapana na kongwa ya majani membamba. Jina la Commelina lilitolewa na Linnaeus, bingwa wa Sweden, kwa heshima ya watu watatu wa ukoo wa Commelin wa Uholanzi. Wawili kati yao walisifika katika elimu ya mimea, bali wa tatu alifariki kabla ya kufanya jambo kubwa. Ukilitazama ua la kongwa utaona sababu: petali mbili ni kubwa, na ya tatu ni ndogo.

Lakini ua lisitudanganye. La huku ni buluu na la kule ni buluu, na yote hufunguka asubuhi na kufumba kabla ya jua kuwa kali. Basi yafaa tutazame mahali pengine.

Kwanza, tazama jani. Kongwa ya majani mapana ina jani la mviringo kama yai, lenye kikonyo kifupi. Ya pili ina jani refu lililochongoka, nalo limekaa juu ya shina bila kikonyo.

Pili, tazama pale jani linapolikumbatia shina. Katika kongwa ya majani mapana mara nyingi utaona vinywele vyekundu kama kutu.

Tatu, tazama kile kijani kilichokunjwa ambacho ua hutokea ndani yake. Katika kongwa ya majani mapana kingo zake zimeungana upande mmoja, kikawa kama faneli, na vijani hivyo husongamana pamoja. Katika ile nyingine kingo hazikuungana. Waweza kukikunjua kama kitabu. Tena kimesimama peke yake juu ya kikonyo chake.

Alama iliyo kubwa kuliko zote imefichwa. Chimbua kongwa ya majani mapana polepole, bila kuikata. Chini utakuta machipukizi meupe yenye maua yasiyofunguka kamwe. Maua hayo hujichavusha yenyewe gizani na kuzaa mbegu humo humo udongoni. Kongwa ya majani membamba haina maua ya namna hiyo.

Sasa, wazazi wetu walio wakulima wataona faida ya maneno haya. Ukikwangua kongwa ya majani mapana kwa jembe, umekata kichwa tu. Ghala ya mbegu imebaki chini. Nchini Marekani, ambako ilifika kutoka nje, iliwekwa katika orodha ya serikali ya magugu ya hatari mwaka 1983, na wakulima wa pamba na karanga wa Georgia wamesumbuka nayo sana, kwa maana hata dawa ya glaifoseti haiiui kwa urahisi.

Basi fanya hivi. Ing'oe ingali changa, kwa uma wa shamba, pamoja na machipukizi yake ya chini. Kongwa ya majani membamba yatosha kuivuta na kuokota vipande vyote. Zote mbili huota mizizi katika vifundo vya shina, kwa hiyo usiviache vipande juu ya udongo wenye unyevu. Vitoe shambani, uvianike juani mpaka vikauke kabisa, au uwape sungura, maana huvipenda.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, zamu yako ya kupalilia ikifika, inama kwanza utazame jani, kisha ndipo uinue jembe.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu