Wasaa Uliozaa Shule

Mwanafunzi anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi namba atashangaa akiambiwa kwamba shule, kwa nasaba ya jina lake, ni mapumziko. Neno la Kiingereza "school" limetokana na "skholē" la Kigiriki cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa wasaa: saa ambazo mtu ametua mzigo wake. Wachunguzi wa asili za maneno hulihusisha na kitenzi cha kushika na kuzuia, kana kwamba mtu amesita kidogo njiani.

Ajabu zaidi ni kinyume chake. Shughuli Wagiriki waliiita "askholia", yaani kukosa wasaa. Warumi nao wakafanya vivyo hivyo: "otium" ni wasaa, "negotium" ni kazi. Katika fikra hiyo wasaa ndio shina, na kazi ni upungufu wake. Aristotle alifundisha kwamba tunahangaika ili hatimaye tupate wasaa, nami naona alikuwa sahihi. Ila wasaa wa waungwana wa Athens ulibebwa na migongo ya watumwa, na haifai kulisahau hilo tunapolisifu neno.

Waliokuwa na wasaa walizungumza na kubishana. Neno likahama polepole: kutoka mapumziko hadi mazungumzo ya wakati huo, kisha mhadhara, kisha kundi la wasikilizaji, mwishowe mahali pao. Kilatini kikalichukua kuwa "schola", Kiingereza cha kale kikasema "scōl". Herufi h ilirudishwa baadaye na wasomi waliotazama tahajia ya Kilatini. (Waingereza hutumia "school" pia kwa kundi la samaki, lakini hilo ni neno jingine, limetoka Kiholanzi.)

Kwetu nasaba hiyo iliingia kwa milango miwili. "Shule" ililetwa na Wajerumani, waliotawala Tanganyika hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwao ni "Schule". "Skuli" ya Zanzibar imetoka kwa Waingereza. Maneno haya ni ndugu, bibi yao mmoja. Kabla hayajafika, mtoto wa pwani alikwenda chuoni kusoma Kurani, na katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa pia kitabu. Wagiriki walilipa somo jina la muda wake. Waswahili, jina la kile kinachoshikwa mkononi.