Maswali ya Dirisha la Bima

Aingiapo mtu katika hospitali yetu yoyote kubwa asubuhi ya Jumatatu, atakuta, ghairi ya foleni ya wanaomngoja daktari, foleni nyingine ndefu kuliko hiyo, nayo ni ya wenye kadi za bima wanaosubiri kuhakikiwa; na akitega sikio atasikia maswali yale yale yakirudiwa: dawa hii imo kwenye bima au haimo, mbona nimeambiwa nikanunue nje, na yule kijana aliyenipima, ni daktari kweli?

Hilo la mwisho si utovu wa adabu, ijapokuwa baadhi ya waganga hulichukia. Kila avaaye koti jeupe sisi humwita dokta, walakini nyuma ya jina hilo mna daraja mbalimbali: yuko tabibu mwenye stashahada, ambaye katika zahanati za vijijini ndiye tegemeo la watu; yuko daktari, aliyekaa chuo kikuu miaka 5 kisha akatumikia mwaka mmoja wa utarajali chini ya wakubwa wake; na yuko bingwa, aliyerudi tena darasani baada ya hayo yote. Majina yao huwekwa katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa kuuliza ni haki yake.

Mintarafu ya fedha, mambo hayako sahali vile. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ulianzia kwa watumishi wa serikali, ambao hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza 3 nyingine. Daktari aghalabu hajui wala hashughulikii malipo hayo. Hospitali ndiyo ipelekayo madai, na Mfuko hulipa kwa bei ulizozipanga wenyewe katika kitita cha mafao. Bei hizo zilipobadilishwa Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwapokea wanachama, na mwenye kadi akawa kama abiria aliyekata tiketi ya chombo kisichong'oa nanga.

Ndiyo maana fomu ya madai yastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Nilimsikia karani mmoja akimwambia mzee wa makamo, "Shikamoo mzee, weka sahihi hapa." Mzee akajibu marahaba, akauliza, "Mbona sijapimwa bado?" "Ndio utaratibu, mzee wangu." Mzee akatia sahihi. Almuradi sahihi hiyo, iwe ya kalamu au ya alama ya kidole, ni ushahidi kwamba huduma zilizoandikwa umezipokea, na anayeitia juu ya karatasi tupu amewaachia wengine waandike wapendavyo.

Na dawa za kununua nje? Hapa wengi hupunjwa bila kujua, kwa kuwa mambo mawili huchanganywa kuwa moja. Dawa isiyokuwamo katika orodha ya Mfuko, hiyo utalipa mwenyewe, au umwombe daktari akuandikie iliyomo yenye kazi ile ile, maana mara nyingi tofauti ni jina la kiwanda tu; bali dawa iliyomo, ila imekwisha stoo, hiyo si mzigo wa mfuko wako wa suruali, na yakupasa udai fomu ya kuichukulia katika duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, yakusudia kuwaleta dirishani wakulima, wavuvi na mama lishe, watu wasio na ofisi ya utumishi ya kuwaeleza lolote. Wakuu wa hospitali wangefanya hisani kubwa kumweka hapo, kabla ya foleni kuanza, mtu mmoja ambaye kazi yake yote ni kujibu.