Kifafa kisichosikia dawa: Je, waya za umeme ubongoni zitasaidia?

WAGONJWA wengi wa kifafa huacha kuanguka wakipata dawa inayofaa na kuimeza kila siku. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana ugonjwa huu, na kwamba saba katika kila kumi wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini kuna wale watatu wanaosalia. Hao humeza tembe za kila aina, mwaka baada ya mwaka, na bado kifafa huwashika.

Ni kwa ajili ya wagonjwa hao kwamba jamaa wengi siku hizi huuliza kuhusu upasuaji wa kutia waya za umeme ndani ya ubongo. Wengine huanza kupanga harambee ya kumpeleka mgonjwa ng'ambo. Kabla ya familia kuuza shamba, ni vyema ielewe matibabu hayo ni nini, humfaa nani, na yanaweza kumfikisha mgonjwa wapi.

Kifafa ni nini?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme hafifu unaopita kutoka chembe moja hadi nyingine. Kifafa hutokea chembe nyingi zinapotoa umeme kwa pamoja bila mpango. Mgonjwa mmoja huanguka, akakakamaa na kutupatupa mikono na miguu. Mwingine huduwaa tu kwa muda mfupi, akitafunatafuna au kupapasa nguo zake, asijue analofanya.

Vyanzo ni vingi: jeraha la kichwa, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kali iliyofika ubongoni, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, uvimbe, au mabuu ya tegu wa nguruwe. Mara nyingi chanzo hakipatikani. Si mapepo wala kurogwa, na povu la mgonjwa haliambukizi mtu.

Je, kweli dawa zimeshindwa?

Mwaka wa 2010, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kilikubaliana kwamba kifafa kitaitwa sugu iwapo mgonjwa amejaribu dawa mbili zinazofaa aina ya kifafa chake, kwa kipimo cha kutosha, na bado akaendelea kushikwa.

Maneno "zinazofaa" na "kipimo cha kutosha" ni muhimu sana. Mgonjwa aliyemeza fenobabitali kwa miezi miwili, akaacha kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki, kisha akaanza tena, hajashindwa na dawa. Karbamazepini nayo husaidia sana katika kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, lakini inaweza kuzidisha aina nyingine, kama ile ya watoto kuduwaa au ya mikono kushtuka ghafla. Kuna pia watu wanaozimia kwa sababu ya moyo au dhiki ya mawazo, wakadhaniwa kuwa na kifafa. Hao hata wakipewa dawa kumi hawatapata nafuu.

Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa zaidi ya wagonjwa sita katika kila kumi hawakuwa wakipata matibabu yanayostahili. Hapa nchini, basi, wengi bado huanguka kwa sababu dawa haijawafikia au haimezwi inavyotakiwa.

Hata hivyo, mgonjwa ambaye kweli ameshindwa na dawa mbili hafai kuachwa akibadilishiwa tembe kwa miaka kumi. Uwezekano wa dawa ya tatu kumaliza tatizo ni mdogo. Wakati huo huo anaweza kuangukia jiko au maji. Na katika kila watu wazima 1,000 wenye kifafa, mmoja hivi hufariki ghafla kila mwaka, mara nyingi akiwa usingizini. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa wale ambao bado huanguka. Mgonjwa kama huyo anapaswa kutumwa kwa mtaalamu wa ubongo na neva bila kuchelewa.

Waya hutiwaje?

Mtindo huu ulipata umaarufu baada ya mwaka wa 1987, wakati daktari Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, alipoutumia kutuliza mtetemeko wa mwili. Katika kifafa, daktari hutoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu. Kwa kuongozwa na picha za ubongo, huingiza waya mbili nyembamba hadi kwenye thalamasi, sehemu ya katikati ya ubongo ambayo habari nyingi hupitia. Waya hizo hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kifaa chenye betri kilichozikwa kifuani, chini ya mfupa wa mtulinga.

Kifaa hicho hutoa umeme mdogo kwa vipindi, na daktari anaweza kuuongeza au kuupunguza akiwa nje, bila kupasua tena. Inaaminika kuwa umeme huo huvuruga njia ambayo kifafa hutumia kuenea ubongoni.

Matokeo yake

Utafiti mkubwa ulifanywa Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2010. Wagonjwa 110, watu wazima ambao walikuwa wameshindwa na dawa tatu au zaidi, walitiwa waya. Kwa miezi mitatu ya kwanza nusu yao waliwashiwa umeme na nusu hawakuwashiwa, na wao wenyewe hawakujua wako kundi gani. Kipimo cha kati cha kupungua kwa kifafa kilikuwa asilimia 40 kwa waliowashiwa, na asilimia 14.5 kwa wale wengine.

Baadaye wote waliwashiwa. Kufikia mwaka wa tano, kipimo hicho kilikuwa kimefika asilimia 69 kwa waliokuwa bado wakifuatiliwa. Lakini waliopata kukaa angalau miezi sita mfululizo bila kushikwa hata mara moja walikuwa asilimia 16 pekee. Ulaya iliidhinisha matibabu haya mwaka wa 2010, na Marekani mwaka wa 2018.

Maana yake ni kwamba aliyekuwa akianguka mara kumi kwa mwezi anaweza kuanguka mara tatu au nne. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini si kupona, na kwa kawaida mgonjwa huendelea kumeza dawa zake.

Kuna madhara pia. Takriban asilimia 13 ya wagonjwa hao walipata maambukizi mahali palipotiwa kifaa au waya. Katika miezi ya kwanza, waliowashiwa umeme walilalamika zaidi kuhusu huzuni na usahaulifu. Betri nayo huisha baada ya miaka kadhaa, na kubadilishwa kwake ni upasuaji mwingine na gharama nyingine. Anayetibiwa ng'ambo ni lazima ajue ni nani atakayemrekebishia kifaa akirudi nyumbani.

Njia nyingine kwanza

Iwapo kifafa kinaanzia mahali pamoja panapoweza kuondolewa, kukata sehemu hiyo kwaweza kuponya kabisa. Katika utafiti wa Kanada wa mwaka wa 2001, uliohusu wagonjwa 80 wenye kifafa cha upande wa ubongo ulio karibu na sikio, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakupata tena kifafa cha kuwapotezea fahamu katika mwaka mmoja. Kwa waliopewa dawa pekee, walikuwa asilimia 8. Kwa hiyo waya hufikiriwa hasa baada ya picha ya MRI na kipimo cha umeme wa ubongo kiitwacho EEG kuonyesha kuwa hakuna pa kukata, au kwamba kukata kutaleta madhara.

Ikiwa una mgonjwa nyumbani, andika katika daftari kila siku anaposhikwa, kwa muda gani na alikuwa akifanya nini. Mchukue kwa video ya simu akishikwa, baada ya kuhakikisha kuwa yuko salama. Nenda kliniki na tembe zote anazotumia, hata za kienyeji. Muulize daktari: Hiki ni kifafa cha aina gani? Dawa hizi ndizo zinazokifaa? Kipimo kimetosha? Na kamwe usimwachishe mgonjwa dawa ghafla kwa kutumaini upasuaji, kwani anaweza kushikwa mfululizo bila kuzinduka na kupoteza maisha.