Mitaa Isiyokutana: Hesabu ya Njia katika Mji Unaotanuka

Mtu aitazamaye ramani ya Dar es Salaam huona umbo la mkono uliokunjua vidole. Barabara nne, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo siku hizi huitwa Barabara ya Nyerere, na ya Kilwa, zatoka katikati ya mji na kutawanyika, nazo nyumba zimezifuata mbali sana. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Hapana budi mji ulioongezeka zaidi ya mara sita katika miaka 44 utanuke. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya umbali ambao mji umefika. Ni machache yasemwayo juu ya jambo jingine lenye uzito uleule: mitaa hiyo mipya yaungana vipi?

Tuchukue mfano. Njia mbili zachepuka kutoka barabara kuu, zikiwa na nafasi ya meta 60 kati yake. Kila moja yaingia ndani meta 400, kisha yaishia ukutani. Nyumba mbili zilizo kwenye ncha za njia hizo zaweza kusikilizana redio, lakini mtoto atakaye kwenda kutoka moja hadi nyingine kwa kufuata njia hana budi kutoka hadi barabara kuu na kurudi ndani, jumla ya meta 860. Kichochoro kimoja cha meta 60 kingemwokolea meta 800, tena kingemwepusha na magari. Hakuna aliyeongeza ukubwa wa mji hapa. Umbali umezaliwa na mpango wa njia peke yake.

Wanahisabati wanao utaratibu mwepesi wa kupima jambo hili, wenye asili katika uchunguzi wa Leonhard Euler juu ya madaraja saba ya mji wa Königsberg mwaka 1736. Kila makutano ya njia, na kila mwisho wa njia isiyotokea, huitwa nukta. Sehemu ya njia iliyo kati ya nukta mbili huitwa kipande. Ikiwa njia zote za eneo zimeungana, basi idadi ya mizunguko iliyomo, yaani idadi ya vipande viwezavyo kukatwa pasipo eneo kugawanyika, hupatikana hivi: vipande, kutoa nukta, kuongeza moja. Mitaa ya miraba yenye nukta 16, nne kwa nne, ina vipande 24. Mizunguko yake ni 9. Mitaa yenye nukta 16 iliyoota kama matawi ya mti ina vipande 15 tu, na mizunguko yake ni sifuri. Katika mitaa ya kwanza, kipande chochote kikizibwa watu hupita kwingine. Katika ya pili, lori moja likikwama, wote walio nyuma yake wamefungiwa ndani, na gari la zimamoto limefungiwa nje.

Aina hizi mbili zapatikana Dar es Salaam. Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa miraba zama za Wajerumani, ikajengwa zaidi zama za Waingereza. Nyumba za udongo zilizosimama hapo zimekwisha kutoweka na maghorofa yameshika mahali pake, lakini mitaa ni ileile. Hili lafaa kuangaliwa sana: nyumba huvunjwa na kujengwa upya, mtaa hubaki. Pembezoni mwa mji mambo ni mengine. Shamba hugawanywa kuwa viwanja na mwenyewe, akaacha njia ya kufikia viwanja vyake. Jirani naye hufanya hivyo, na hapana aliye na sababu ya kuziunganisha. Hivyo mti huota tawi baada ya tawi.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba lawama yote ni ya makazi yasiyopangwa. Manzese, kwa mfano, vichochoro ni vingi na mtu wa miguu hupenya kila upande. Anayeshindwa ni mwenye gari. Kwa upande mwingine, mtaa uliopimwa vizuri waweza kuzungushiwa kuta na kuachiwa lango moja. Kwa hiyo hesabu ya njia za miguu na hesabu ya njia za magari yafaa zifanywe mbalimbali.

Mitaa isipoungana yenyewe kwa yenyewe, kila safari, hata ya kwenda sokoni, humwagwa kwenye barabara kuu. Mvua kubwa zinyeshapo, bonde la Mto Msimbazi hufurika, na mara kadhaa Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, pamoja na njia ya mabasi yaendayo haraka yaliyoanza kazi mwaka 2016. Hapo ndipo uchache wa mizunguko huonekana wazi. Barabara za Mandela na Sam Nujoma, zinazovikata vidole vyote vinne, zimebeba mzigo huo miaka mingi. Madaraja ya juu ya Tazara (2018) na Ubungo (2021) yamepunguza msongamano wa makutano hayo, lakini daraja la juu haliongezi njia ya pili kwa mkazi wa ndani.

Wala tatizo hili si la Dar es Salaam pekee. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walionyesha mwaka 2015 kwamba mitaa mipya ya Marekani ilizidi kukosa kuungana hadi katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaanza kugeuka. Uchunguzi wao wa dunia nzima, uliotoka mwaka 2020, uliona kuwa sehemu nyingi za dunia zaelekea kulekule ilikotoka Marekani. Walitumia ramani huria, ambazo Dar es Salaam pia inazo: tangu mwaka 2015, wanafunzi na wakazi wamechora mitaa yao katika mradi wa Ramani Huria. Darasa la hisabati laweza kuchukua ramani ya kata ya shule, kuhesabu nukta na vipande, kisha kutafuta ni kiungo kipi kimoja kingefupisha njia ya wanafunzi wengi zaidi.

Viungo vya namna hiyo bado vyapatikana mahali ambapo urasimishaji wa makazi haujakamilika. Wapimaji na wakazi huketi pamoja kukubaliana mipaka, na ukanda wa meta chache kati ya viwanja viwili waweza kuachwa kwa maafikiano ya majirani wawili. Hati zikishatolewa na ukuta ukishajengwa, ukanda uleule hupatikana kwa kulipa fidia.