Karisa yupi? Weka lebo kwenye rekodi za wateja wako

Ujumbe umeingia: shilingi 2,000 kutoka kwa Karisa Katana. Sasa, ni Karisa yupi? Huku Kilifi wajukuu hurithi majina ya babu zao, kwa hivyo mshauri wa fedha, wakala wa bima au mweka hazina wa chama anaweza kuwa na akina Karisa Katana watatu: mmoja wa Watamu, mmoja wa Gede, mmoja wa Mambrui. Ukichanganya, aliyelipa anapigiwa simu ya deni, na ambaye hajalipa ametulia tu.

Dawa yake ni lebo, yaani neno fupi unaloliweka kwenye rekodi ya mteja ili umpate haraka, yeye na wenzake wa aina moja. Programu nyingi za kutunza wateja zina lebo. Hata WhatsApp Business inazo.

Anza na lebo tatu

*Mahali.* Watamu, Gede, Mtwapa, Mariakani. Hii inawatenganisha wenye majina sawa.

*Kipato.* Wengi huisahau hii. Wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo vingi havitoki. Mhudumu wa hoteli naye, mwezi wa Mei wageni ni wachache. Mwalimu hupata mshahara kila mwezi. Ukiwa na lebo za "mvuvi", "hoteli" na "mshahara", utawatoa wavuvi wote kwa pamoja na kupanga marejesho yao kabla kusi haijaanza.

*Hatua.* "Analipa", "amechelewa", "amemaliza". Hii hubadilika, kwa hivyo chagua siku moja kila wiki ya kuipitia.

Andika neno moja kwa namna moja. "Mvuvi", "wavuvi" na "uvuvi" kwako ni kitu kimoja, lakini kwa programu ni lebo tatu tofauti, na ukitafuta moja, wengine watakuponyoka.

Lebo ianzie kwenye malipo

Kama unapokea kwa Paybill, tumia sehemu ya nambari ya akaunti. Mpe kila mteja nambari yake, mfano WAT014 kwa mteja wa 14 wa Watamu. Hata akilipiwa na mtoto wake kwa laini nyingine, utajua pesa ni ya nani. Till haina sehemu hiyo, kwa hivyo mwombe mteja akutumie nambari yake kwa SMS kila akilipa.

Usiandike usichoweza kumsomea

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mteja haki ya kujua una taarifa gani kumhusu, na kutaka zenye makosa zirekebishwe. Lebo kama "msumbufu" au "mlevi" itakuaibisha siku hiyo. Andika jambo lililotokea: "amechelewa siku 30". Mambo ya afya yake yaache, kama kazi yako haiyahitaji. Na PIN ya mteja usiiandike popote, hata akikupa mwenyewe.

Huna haja ya kumaliza wateja wote leo. Jioni hii, ukishafunga kazi, tafuta wale wanaofanana majina tu, uwape lebo ya mahali na nambari ya akaunti. Ujumbe ujao ukiingia, utajua ni Karisa yupi.