Mtungi wa Lita 20

Shirika la Afya Duniani lahimiza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kila wiki. Akina mama wengi wa kijiji cha Mashimoni, Kibera, huvuka kiwango hicho bila kukusudia: hununua maji, hujitwika mtungi wa lita 20, uzito wa kilo 20 na zaidi, hupita nao vichochoroni, kisha huenda kwenye vibarua kwa miguu. Je, tuwanasihi watembee zaidi? La hasha. Miili yao yakosa mapumziko, si mwendo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwatumikia watu wa nyumbani kwake. Basi waume na vijana wetu nao waubebe mtungi wa asubuhi, mama apumzishe mgongo.